Acheni Kumsingizia Mungu

"Kazi ya Mungu haina makosa."

Nimechoka kuisikia kauli hii. Nimeisikia kwenye msiba wa mtoto aliyekufa kwa malaria huku duka la dawa likiwa ng'ambo ya barabara. Nimeisikia kwenye msiba wa mama aliyetokwa damu usiku kucha baada ya kujifungua, gari la wagonjwa likiwa limeegeshwa kwa kukosa mafuta. Nimeisikia kwa kijana wa bodaboda aliyesagwa na lori lisilo na breki. Mchungaji anaitamka, mjumbe anaikariri, nasi tulioketi chini ya turubai tunatikisa vichwa. Kisha sahani za wali zinapita, tunanawa mikono, tunaulizana matokeo ya mpira.

Haina makosa? Lori halikuwa na breki! Gari halikuwa na mafuta! Hayo si makosa?

Mimi ni Mkristo. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, bahasha yangu ya ahadi ina namba. Ndiyo maana kauli hii inanichoma. Tunamsingizia Mungu. Tunamtwika mizigo ya watu, tena watu wenye majina, vyeo na mishahara, halafu tunapiga magoti kumwomba huyo huyo tuliyemsingizia atufariji.

Kumbuka tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara, Ziwa Victoria, siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walipita 220. Soma tena namba hizo, usizipite mbio. Waliokufa walikuwa mara mbili ya abiria walioruhusiwa kupanda. Unataka kuniambia ni Mungu aliyesimama pale gatini akiwaambia watu wasogee kidogo, nafasi bado ipo?

"Siku zao zilifika." Ndivyo tunavyosema. Watu zaidi ya 220, siku zao zote zikafika mchana mmoja, kwenye kivuko kimoja. Na tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, nao siku zao zilifika kwa pamoja. Nayo ilikuwa imejaza. Mungu gani huyu ambaye kila akiwahitaji watu huwapitia kwenye vyombo vilivyojaza?

Ukimbebesha Mungu kosa la mtu, mkosaji anapita mlango wa nyuma na mfiwa anafungwa mdomo. Maana nani atahoji kazi ya Mungu? Mjane akiuliza ataambiwa anakufuru. Baba akiuliza ataambiwa ajikaze, yeye ni mwanamume. Basi wananyamaza. Sote tunanyamaza. Na lori lingine linaingia barabarani.

Huo ni uongo wa makaburini. Sasa twende uwanjani, kwenye mikutano ya manabii na spika zao kubwa.

Huko wimbo unageuka. Makaburini ulikuwa mpango wa Mungu, uwanjani ni kosa lako wewe. Unaumwa? Kuna laana ya ukoo. Huzai? Una mume wa kipepo. Biashara imekufa? Umemwibia Mungu fungu la kumi. Umeombewa na hujapona? Imani yako haba. Kila jeraha lina maelezo, na kila maelezo yana bei. Mafuta ya upako yana bei. Maji yana bei. Chumvi, kitambaa, stika ya kubandika mlangoni, vyote vina bei, na lipa namba imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko mstari wa Biblia.

Unamfahamu mama ninayetaka kukuambia habari zake. Yuko mtaani kwako, au yuko nyumbani kwenu. Ana saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika nchi hii inawapata wanawake kuliko saratani nyingine yoyote. Ilianza na matone ya damu. Hakwenda kupima, alikwenda kwa nabii. Nabii akaona bibi yake aliyekuwa akitambikia chini ya mbuyu. Mama akatoa sadaka ya kuvunja maagano. Damu haikukoma, akaambiwa sadaka ilikuwa ndogo. Akauza cherehani. Akauza kiwanja. Alipofikishwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, ugonjwa ulikuwa umefika hatua ile ambayo daktari huvua miwani kwanza ndipo aseme.

Na unajua anachowaza pale kitandani? Hawazi kwamba ametapeliwa. Anawaza kwamba imani yake haikutosha. Anakufa akijilaumu.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Pesa inauma, lakini pesa hutafutwa. Huyu mama ameporwa kitu cha mwisho alichobaki nacho, imani kwamba Mungu yuko upande wake. Ameporwa na mtu mwenye Biblia mkononi, mchana kweupe, huku kwaya ikiimba.

Tulikwishaonywa mara ngapi? Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo. Wagonjwa walitolewa wodini wakiwa na dripu ili wakanywe kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo, na wakubwa nao walikunywa. (Marehemu Babu angalau alitoza shilingi 500. Leo mia tano haikupi hata harufu ya mafuta.) Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye ibada, watoto wakiwemo. Walikanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Ishirini! Walikwenda kutafuta uzima.

Kisha Shakahola. Aprili 2023, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, polisi walianza kufukua msituni na hawakumaliza upesi. Miili ilipita 400. Watoto wengi walikuwemo. Inadaiwa waumini walifundishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, amekana mashtaka. Sisi huku tulitazama picha zile, tukaguna, tukasema wale ni watu wa ajabu, wa msituni.

Wa ajabu? Hakuna mtu anayeamka asubuhi moja akaingia porini na wanawe ili wafe kwa njaa. Mtu huzoezwa. Huzoezwa kidogo kidogo kutouliza. Anazoezwa msibani, anazoezwa uwanjani, anazoezwa kwamba swali ni dhambi na shaka ni pepo. Akishaiva, mpeleke popote, atakwenda. Na shule ya kwanza ya mafunzo hayo ni chini ya turubai letu, mimi na wewe tukitikisa vichwa.

Wala usidhani mafundisho haya ya "panda mbegu", yaani toa pesa ili upate baraka, yalishuka na Musa kutoka mlimani. Kwa sehemu kubwa yalitoka Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani, kwa mhubiri wa televisheni aliyeitwa Oral Roberts. Mwaka 1987 aliwatangazia wafuasi wake kwamba asipopata dola milioni 8 kufikia mwisho wa Machi, Mungu atamchukua. Watu wakachanga. Hospitali yake kubwa, City of Faith, aliyoifungua mwaka 1981 kwa ahadi nzito za uponyaji, ilifungwa mwaka 1989 kwa ukata. Mbegu hazikuota hata kwa mwenye shamba! Sisi tukaupokea mtumba huo, tukaupiga pasi, tukauita ufunuo mpya.

Kwa nini tunaununua? Kwa sababu mwanadamu anaweza kuvumilia maumivu, lakini hawezi kuvumilia maumivu yasiyo na sababu. Kilio cha kwanza cha mfiwa ni "kwa nini?" Atakayekuja wa kwanza na jibu ndiye atakayemchukua mtu yule, hata kama jibu lenyewe ni sumu. Mfa maji haachi kutapatapa.

Sasa fungua kitabu cha Ayubu. Kifungue chote, maana naona tunakisoma vipande. Msibani tunasoma sura ya kwanza, pale Ayubu aliyerarua joho lake anaposema kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa, na jina lake analibariki. Tunafunga kitabu, tunasema amina. Kitabu kina sura 42! Kuanzia sura ya tatu Ayubu analaani siku aliyozaliwa. Anamlalamikia Mungu usoni. Anataka kesi isikilizwe, anataka mwamuzi, anataka kujua shtaka lake ni lipi. Maneno yale ukiyasema leo kwenye jumuiya utawekewa mikono kichwani utolewe pepo.

Na wale rafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari. Mwanzoni walifanya jambo moja la maana sana. Walikaa naye chini mavumbini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Wangeishia hapo wangekuwa watakatifu. Walipofumbua midomo ndipo walipoharibu. Walimwambia nini? Yale yale ya uwanjani. Kwamba haiwezekani mtu ateseke bure. Kwamba watoto wake watakuwa walikosea. Kwamba ajichunguze, atubu, na mali itarudi. Walisema kwa ufasaha, kwa mashairi, kwa sauti ya watu wenye afya njema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwisho wa kitabu Mungu anakasirika. Anamkasirikia nani? Si yule aliyelalamika. Anawakasirikia watetezi wake! Anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu. Wanaambiwa wachukue ng'ombe saba na kondoo waume saba wakatoe sadaka, na Ayubu awaombee. Umeelewa hapo? Mgonjwa ndiye aliyewaombea wahubiri.

Je, Mungu alimpa Ayubu sababu? Hakumpa. Anazungumza sura nne nzima, habari za nyota, mbuni, mbuzi wa milimani na lile jitu la majini, na hasemi hata mara moja kwa nini. Ayubu aliomba maelezo, akapewa Mungu mwenyewe. Ni jambo gumu, sitalilainisha.

Na wahubiri wa mafanikio wanapenda sana ukurasa wa mwisho, Ayubu aliporudishiwa maradufu. Kondoo 14,000. Ngamia 6,000. Wanaihubiri hesabu hiyo mpaka jasho linawatoka. Lakini angalia watoto. Alikuwa na wana saba na mabinti watatu, wakafa wote siku moja. Mwishoni anazaa tena saba na watatu. Ngamia walirudi maradufu, wale kumi waliozikwa hawakurudi. Aliyeandika kitabu kile alijua kwamba mtoto halipiki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wanaotuhubiria ngamia wanaruka makaburi kumi.

Au hutaki Agano la Kale? Haya, njoo kwa Yesu. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali la laana ya ukoo, neno kwa neno. Yesu anasema si yeye, wala si wazazi wake. Mnara wa Siloamu ulipoanguka na kuua watu 18, aliwauliza watu kama wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, akajijibu mwenyewe kwamba hapana. Hapana, kavu! Miaka karibu 2,000 imepita, na bado tunauliza maiti kosa lake.

Paulo je? Alikuwa na mwiba mwilini, aliomba mara tatu uondolewe, haukuondolewa. Utamwambia Paulo imani yake haba? Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo aliyekuwa akisumbuliwa na tumbo alishauriwa atumie divai kidogo. Huyu ndiye Paulo ambaye Matendo ya Mitume inasema vitambaa vilivyomgusa viliponya wagonjwa Efeso. Mbona hakumtumia Timotheo kitambaa? Alisahau anwani?

Na Yesu mwenyewe, Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke. Hakikumwepuka. Msalabani alilia kwa sauti kuu akiuliza kwa nini ameachwa. Mwana wa Mungu ameuliza "kwa nini", tena mbele ya watu! Wewe mchungaji ni nani umkataze mjane? Na alipofufuka, alama za misumari zilibaki. Tomaso alionyeshwa. Mwili wa ufufuo wenyewe una makovu, halafu mtu ananiambia kwamba Mkristo mwenye kovu ana kasoro ya kiroho.

Mwandishi mmoja wa Uingereza, C. S. Lewis, mwaka 1940 alichapisha kitabu cha kueleza kwa nini Mungu anaruhusu maumivu. Kitabu cha akili nyingi. Mwaka 1960 mkewe akafa kwa saratani. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kingine, kidogo, chenye kilio na hasira kwa Mungu, na hakuweka jina lake. Aliona haya? Mimi nasema kile cha pili ndicho alichokiandika kama mtu wa sura ya tatu ya Ayubu.

Basi imani inasaidia nini kama haitoi sababu? Nitakujibu kwa mtu. Janani Luwum, askofu mkuu wa Kianglikana wa Uganda. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua wakipinga mauaji na watu kupotea. Hawakuwaambia wajane wa Uganda kwamba siku za waume zao zilifika. Walimwandikia mwenye bunduki. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Unaona? Walitaka Waganda nao waseme kazi ya Mungu haina makosa.

Mateso ya Luwum yalikuwa na maana kwa sababu aliyabeba kwa ajili ya watu na alikataa kusema uongo juu ya mateso hayo. Msalaba haukutupa sababu ya kila jeraha. Ulituonyesha Mungu anasimama wapi mtu anapojeruhiwa, na sisi tunatakiwa tusimame wapi.

Na kuna mateso yasiyo na mkosaji. Mtoto anazaliwa na moyo wenye tundu. Hakuna lori hapo, hakuna dereva, hakuna mwizi. Hapo sina jibu, na atakayekuja nalo mfukuze. Kaa chini na wenye mtoto siku saba kama wale watatu, na siku ya nane nyamaza pia, wapikie uji. Soma Zaburi ya 88. Hiyo haimaliziki kwa shangwe, inaishia gizani, na imo ndani ya Biblia yako, haijaondolewa na askofu yeyote. Mbona sijawahi kuisikia ikisomwa msibani?

Sasa wewe msomaji. Usinitazame kana kwamba hayakuhusu. Wewe msomi unacheka klipu za manabii kwenye simu, unazisambaza, halafu mama yako akikuomba nauli ya kwenda kwenye mafuta unamtumia ili asikusumbue. Umemtuma wewe. Wewe mzee wa kanisa unajua mhasibu amekula pesa za zahanati, na msibani unashika kipaza sauti useme habari za mapenzi ya Mungu. Wewe mwanakwaya umeona mgonjwa akiambiwa atupe vidonge, ukaongeza sauti ya pambio. Mnamwogopa nani? Mnaogopa kulaaniwa na mtu anayeogopa kukaguliwa hesabu zake?

Nanyi makanisa makongwe, yetu haya yenye kengele na minara, msijifanye hamumo. Watu walikimbilia uwanjani kwa sababu kwetu walikuta kadi za michango. Mgonjwa alilala miezi mitatu bila kutembelewa. Alipokufa ndipo tulipofika na msafara na daftari la rambirambi. Nabii angalau alimgusa kichwa. Tumewaacha watu na swali lao, kisha tunashangaa wamelipeleka kwingine.

Na inauma zaidi kwa sababu tunajua kufanya vizuri. Imani hii hii ndiyo iliyojenga hospitali za Ndanda na Peramiho, Bugando na KCMC. Imani hii hii ndiyo inayowatuma wauguzi wa hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, wawafuate majumbani wagonjwa wasiopona na kuwapa dawa za maumivu. Muuguzi yule haulizi babu yako aliabudu nini. Anauliza usiku ulilala?

Kwa hiyo msiba ujao, kabla ya kusema amina, uliza. Uliza kwa sauti, ukiwa umesimama. Alikufa kwa nini? Nani alipaswa kuwepo na hakuwepo? Wakikuambia unakufuru, waambie wasome Ayubu mpaka sura ya 42.

Na wewe mama uliyeambiwa kwamba hujapona kwa sababu imani yako haikutosha: ulidanganywa. Mungu hakudai kitu. Usiuze kiwanja. Kesho asubuhi nenda hospitali kapime, beba na Biblia yako, omba ukiwa kwenye foleni. Na binti yako mpeleke akachanjwe. Chanjo ya kumkinga na saratani hiyo inatolewa nchini tangu mwaka 2018, na haiuzwi.